Vitufe Saba na Sahani Moja
Mwaka 1999 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa beatmania IIDX, mchezo wa mashine wenye vitufe saba na sahani ya kuzungusha kama ya DJ. Alama zinashuka kwenye kioo. Zikifika mstari wa chini, unabonyeza. Kila alama imebeba kipande cha muziki: ukiikosa, sauti yake haisikiki. Kwa hiyo usitumie macho tu, sikiliza pia!

Kwa kipimo cha kawaida, wimbo ukiisha lazima uwe na asilimia 80. Ukiharibu katikati, wimbo haukatiki, bado unaweza kupanda. Ila ukilegea mwishoni, ulichokusanya kinapotea. Si unaona? Jiulize leo: mimi nakata tamaa mapema, au nalegea nikikaribia kumaliza?