Mtihani Umekwisha, Mdogo Wangu: Sasa Soma

Wadogo zangu, leo tuache mambo ya wachumba na mawifi, tuzungumze habari ya vitabu. Wengi wenu mnaniambia, tena kwa aibu, "Dada, tangu nimalize shule sijamaliza hata riwaya moja." Mmoja ana mtoto mchanga, mwingine anafika nyumbani usiku akiwa hoi, na mwingine alinunua kitabu kikaishia juu ya kabati. Kila mmoja anajiita mvivu.

Mimi sikubaliani nanyi. Shuleni hatukufundishwa kusoma kitabu kwa ajili ya nafsi zetu. Tulifundishwa kuwinda dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi na matumizi ya lugha. Tukanunua vitabu vya uhakiki, ambavyo wenzetu wa Kenya wanaviita miongozo, na wapo waliofaulu vizuri bila kuifungua riwaya yenyewe. Mtu aliyesoma hivyo, mtihani ukiisha, anasomea nini tena?

Chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Wengi mliisoma kidato cha tano na cha sita. Ukiulizwa leo utataja ndoa ya kulazimishwa na harakati za ukombozi, basi. Na Mwajuma je? Katika uhakiki anapewa mistari miwili mitatu kama mhusika msaidizi. Katika riwaya, Yasmini anamkimbia mume mzee aliyeozwa, ndugu zake mwenyewe wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, mwanamke asiye na mali. Hamwulizi maswali mengi. Anamkaribisha, wanagawana kilichopo. Ukiisoma sehemu hiyo ukiwa mtu mzima, uliyekwisha kuona nani alikuja na nani hakuja siku ulipopata shida, utaielewa kuliko ulivyoielewa darasani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: anza na kitabu ulichokisomea mtihani. Kisome upya bila kalamu mkononi. Kama ulipenda Siku Njema ya Ken Walibora au Rosa Mistika ya Kezilahabi, rudi huko. Lugha yake unaijua, wahusika unawajua, na sasa hakuna anayekusahihisha.

Ukishachangamka, njoo kwenye vitabu vipya. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, tulishangilia sana. Lakini wangapi tumemsoma? Sasa hatuna kisingizio. Riwaya yake Paradise, aliyoiandika kwa Kiingereza na kuitoa mwaka 1994, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis, na mwaka 2022 ikachapishwa na Mkuki na Nyota kwa jina la Peponi. Ni habari ya Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili anayeondoka kwao na tajiri mmoja mfanyabiashara. Mwenyewe anadhani anakwenda kutembea, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Ukifika hapo hutakiweka kitabu chini.

Watafuteni na wanawake wenzetu. Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar alishinda Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika mwaka 2018 kwa riwaya yake Mungu Hakopeshwi. Orodha za washindi wa tuzo hiyo, na sasa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa asiyejua achague nini.

Muda nao hutafutwa. Usijiwekee lengo la vitabu vingi kwa mwezi kwa sababu umeona mtu kapiga picha rundo la vitabu vyake. Kurasa kumi kabla ya kulala zinatosha, simu ikiwa chumba kingine. Kama mtoto halali, msomee kwa sauti hicho hicho kitabu chako. Yeye anataka sauti ya mama tu. Na kitabu kikikushinda baada ya kukipa nafasi ya kutosha, kiweke, chukua kingine. Hudaiwi na mtu.

Najua mtaniambia, "Dada, vitabu ghali." Ni kweli. Basi fanyeni kama mnavyocheza upatu: mkiwa marafiki wanne, kila mmoja anunue kitabu kimoja tofauti, kisha mzungushe. Kwa bei ya kitabu kimoja unasoma vinne, na mkikutana mna la kuzungumza zaidi ya habari za watu. Andika jina lako ndani ya jalada, na cha mwenzio ukirudishe kikiwa safi.

Ila jambo moja nawaomba kwa moyo wangu wote. Acheni kurushiana nakala za riwaya kwenye makundi ya WhatsApp. Mwandishi aliyekesha miaka akiandika hapati hata senti, na mchapishaji asiyeuza riwaya atarudi kuchapa vitabu vya kiada peke yake, kwa kuwa huko ana uhakika wa wanunuzi. Tusilalamike kwamba Kiswahili hakina riwaya mpya wakati zilizopo hatuzinunui.

Mwezi huu, kabla hujanunua kitenge kingine, pita duka la vitabu ukachukue riwaya moja ya Kiswahili. Ukiimaliza, niandikie uniambie ni mhusika gani amekukaa moyoni. Dhamira sitakuuliza.