Filamu ya Roboti: Je, Inawafaa Watoto?

Wazazi wapendwa, wodini tumeona watoto wanaoshtuka usingizini na kukojoa kitandani baada ya kutazama filamu za mapigano. Tuchukue mfano wa "Terminator 2: Judgment Day" ya mwaka 1991. Vitu vya kuchezea vya filamu hiyo viliuzwa kwa watoto. Lakini Uingereza ilipangiwa umri wa miaka 15, na Marekani aliye chini ya miaka 17 alitakiwa kwenda sinema na mzazi au mlezi.

Kwa nini? Roboti muuaji anachukua sura ya polisi, hata ya mama mlezi. Katika ndoto moja, watoto wanateketea kwa bomu la nyuklia wakiwa mchezoni. Mtoto mdogo hatenganishi vizuri igizo na kweli. Akiona mama amegeuka muuaji, amkimbilie nani?

Tufanye hivi:

1. Tuitazame wenyewe kwanza, mpaka mwisho.
2. Wadogo wasiione. Wakubwa tukae nao, tuzungumze: kwa nini kijana John anaikataza mashine yake kuua?
3. Mtoto akiogopa, tuzime. Tusimcheke, tumpakate, tumweleze.
4. Hofu isipokwisha baada ya wiki chache, tumpeleke hospitali.

Kinga ni bora kuliko tiba.