Dawa ya Kuzuia Damu Kuganda Haiazimwi

Mtu akiamka mdomo umekwenda upande, mkono mmoja haunyanyuki na maneno yanamtoka kama ya mlevi, nyumbani hutafutwa haraka vitu viwili: mafuta ya kuchulia na asprini. Mafuta kosa lake ni kula muda. Asprini ndiyo ya kuogopwa. Mara nyingi huitoa mzee wa nyumba hiyohiyo, anayeimeza kila siku kwa agizo la daktari, naye anaona kilichomfaa yeye kitamfaa na mwenziwe.

Tatizo ni kwamba kiharusi ni magonjwa mawili yenye sura moja. Kuna kile cha donge la damu kuziba mshipa wa ubongo, na sehemu iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo kuanza kufa. Na kuna kile cha mshipa kupasuka, damu ikamwagika kichwani. Duniani kote cha kuziba ndicho kingi, lakini Afrika hiki cha kupasuka kina sehemu kubwa kuliko Ulaya, na presha isiyotibiwa ndiyo chanzo chake kikuu. Kwa macho tu hakuna awezaye kuapa ni kipi, hata daktari bingwa. Kinachoamua ni picha ya CT scan. Ukimpa dawa ya kuzuia damu kuganda mtu ambaye damu inamvuja ubongoni, unamzidishia uvujaji.

Basi badala ya kutafuta vidonge, tazama saa. Hospitalini swali la mapema litakuwa hili: mara ya mwisho alionekana mzima lini? Dawa ya mshipani inayoyeyusha donge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na aliyelala mzima akaamka amepooza, muda wake huanza kuhesabiwa tangu alipokwenda kulala. Hospitali zenye dawa hiyo ni chache, kwa hiyo ni vyema familia yenye mgonjwa wa presha ijue mapema wapi karibu nao kuna CT scan. Usimpe mgonjwa maji wala uji, atapaliwa. Akipoteza fahamu mlaze ubavu. Beba pakiti zote za dawa anazotumia. Dalili zikitoweka baada ya dakika 10 nendeni vilevile, maana kiharusi kamili huweza kufuata siku hizohizo. Na anayeona huu ni upepo mbaya asikatazwe kusoma dua. Aisomee ndani ya gari.

Picha ikionyesha ni donge, daktari hutaka kujua lilitoka wapi, kwa sababu hapo ndipo dawa zinapoachana njia. Donge lililojijenga kwenye mshipa uliochakaa kwa presha, kisukari au sigara kwa kawaida hupewa asprini au jamaa zake, ambazo huzuia chembe sahani za damu zisishikane. Donge lililotoka moyoni ni habari nyingine. Moyo ukidunda bila mpangilio, damu hutuama katika chemba za juu na kuganda, kisha kipande hurushwa hadi kichwani. Mwenye hali hiyo ana hatari ya kiharusi karibu mara 5 ya mwingine. Kwake asprini husaidia kidogo sana. Warfarini hupunguza hatari hiyo kwa takriban theluthi mbili.

Warfarini ndiyo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1948 kama sumu ya panya, na ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Wagonjwa wakisikia hayo hushtuka, na kushtuka kidogo si vibaya: kipimo kikizidi damu huvuja, kikipungua donge hurudi. Ndiyo maana kuna kipimo cha damu cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Asiyetumia dawa huwa na 1 hivi. Wengi wanaotumia warfarini hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3, na wenye valvu ya bandia ya chuma mara nyingi juu kidogo ya hapo. Kumeza warfarini miezi na miezi bila kupima INR ni hatari, hata kama mgonjwa anajisikia buheri wa afya.

Chakula kina neno lake. Mchicha, matembele, kisamvu na sukuma wiki vina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya warfarini. Wengi huambiwa waache mboga kabisa, na mimi naona ushauri huo unawaonea: kula mboga zako, ila kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, ili kipimo kisiyumbe.

Kinachoharibu zaidi hutoka duka la dawa. Flajili, Septrini na dawa ya fangasi ya flukonazoli hupandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha mno. Ibuprofeni na diklofenaki huongeza uvujaji tumboni. Kwa maumivu paracetamoli ni afadhali, nayo kwa kiasi. Sindano ya msuli, kung'oa jino, chale na hijama visifanyike kabla mhusika hajajua unatumia nini. Ukisahau kidonge, kimeze siku hiyohiyo ukikumbuka; kesho usimeze viwili. Kinyesi cheusi kama lami, damu ya fizi isiyokoma, au kujigonga kichwa hata kama hakuna jeraha, hayo ni ya kwenda hospitali sasa hivi.

Siku hizi kuna rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani, ambazo hazihitaji INR. Ni nafuu kubwa kwa aliye mbali na maabara, japo bei hukatisha tamaa, na ukiruka siku moja kinga imekwisha. Rivaroksabani ya mgonjwa wa moyo humezwa pamoja na chakula. Anayekusudia kufunga Ramadhani apange saa za dawa na daktari kabla mwezi haujaandama.

Lakini dawa hizi hazimfai kila mtu. Mwenye valvu ya chuma hapewi. Na wako wengi kwetu ambao mafindofindo ya utotoni yaliwaachia ugonjwa wa valvu za moyo. Mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS, uliochukua wagonjwa wa aina hiyo zaidi ya 4,500 wakiwemo wa Afrika, ulionyesha kuwa waliotumia warfarini na dawa za jamii yake walifariki wachache kuliko waliopewa rivaroksabani. Jamaa yako wa Ulaya akikutumia dawa mpya, iende kwanza kwa daktari wako.

Wengi wa wenye valvu hizo ni wanawake wa umri wa kuzaa. Warfarini huweza kumlemaza mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba, na kuiacha ghafla kunaweza kuziba valvu. Sindano za heparini hazivuki kondo la nyuma, lakini nazo zahitaji uangalizi wa karibu. Mazungumzo na daktari wa moyo yawe kabla ya kushika mimba. Hedhi ikichelewa, pima siku hiyo, usiache dawa mwenyewe, na uende kliniki ya moyo bila kungoja tarehe.