Mfumo wa Uendeshaji na Maana ya Kuhifadhi: Misingi kwa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Makala haya yanaangazia misingi ya mfumo wa uendeshaji wa tarakilishi kwa kuchunguza tendo moja ambalo mwanafunzi wa chuo kikuu hulifanya kila siku, yaani kuhifadhi kazi yake. Tendo hili limeteuliwa kwa makusudi. Wapo wanafunzi waliopoteza sura nzima za tasnifu wakailaumu virusi au flashi mbovu, ilhali chanzo kilikuwa ni kutofahamu jinsi mfumo wa uendeshaji unavyofanya kazi.

Mfumo wa uendeshaji, uwe Windows, Linux au macOS, ni programu kuu inayosimama kati ya vifaa vya tarakilishi na programu nyingine zote. Programu ya kuandikia haiigusi diski moja kwa moja. Haina ruhusa hiyo. Inachoweza kufanya ni kupeleka ombi kwa kiini cha mfumo, nacho kiini ndicho huamua na kutenda. Huenda utaratibu huu ukaonekana kuwa urasimu mtupu, lakini ndio unaozuia kosa la programu moja lisiangamize kazi ya nyingine. Kiini hicho pia hugawa muda wa kichakataji: kila programu hupewa zamu fupi, aghalabu ya milisekunde chache, kisha huwekwa kando ili nyingine iingie.

Mawazo haya si mapya. Mengi yalikomaa katika Unix, mfumo ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969. Mwaka 1991, Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha Linux, ambacho leo ndicho kilichomo katika simu za Android.

Kumbukumbu na diski

Herufi inapochapwa huingia katika kumbukumbu kuu. Kumbukumbu hii ina kasi kubwa, lakini hutegemea umeme. Stima ikipotea, kilichomo nacho hupotea. Diski ni ya polepole zaidi, ila hubaki na kilichoandikwa hata bila umeme.

Hapa Kiswahili kinazua utata wa kuvutia. Katika matumizi ya jadi, aliyehifadhi Kurani ni yule aliyeitia moyoni. Kuhifadhi ni kuweka katika kumbukumbu. Kwa tarakilishi mambo ni kinyume: kilicho katika kumbukumbu pekee ndicho ambacho hakijahifadhiwa. Wafasiri wa programu walioandika “Hifadhi” kwenye kitufe walifuata maana nyingine ya neno hilo, ile ya kutunza kitu kisiharibike. Uteuzi wao ni mzuri, ila neno linaahidi zaidi ya kile kinachotendeka papo hapo.

Kwa nini? Kwa kuwa diski ni ya polepole, mfumo wa uendeshaji mara nyingi hupokea ombi la kuhifadhi, huweka data hiyo katika sehemu ya kumbukumbu, kisha huiarifu programu kwamba kazi imekamilika. Kuandika kwenyewe hufanywa baadaye kidogo. Katika Linux, kwa mpangilio wa kawaida, data inaweza kungoja kwa takriban sekunde 30. Kwa upande wa Windows, Microsoft iliamua katika toleo la 1809 la Windows 10, mwaka 2018, kwamba vifaa vya kuchomekwa visicheleweshwe hivyo, lakini hata hapo kuichomoa flashi katikati ya kuandika ni hatari.

Tuseme mwanafunzi yumo katika chumba cha tarakilishi na mlinzi yuko mlangoni akitaka kufunga. Mwanafunzi anabonyeza Hifadhi, anaona ujumbe kwamba kazi imehifadhiwa, anaichomoa flashi na kuondoka. Kesho yake folda nzima haifunguki. Kilichoharibika huenda si maandishi bali jedwali linaloonyesha kila faili iko wapi. Diski za ndani kwa kawaida hukingwa na shajara: mfumo huandika kwanza mabadiliko unayotaka kuyafanya, ili ukikatizwa ujue pa kurejea. NTFS ya Windows ina shajara hiyo; FAT32 na exFAT, miundo inayotumiwa sana katika flashi, hazina.

Ndiyo maana ipo amri ya kuiondoa flashi kwa usalama. Amri hiyo huulazimisha mfumo kuandika kila kilichosalia kumbukumbuni na kuzifunga faili kabla ya kutoa ruhusa. Iwapo jedwali limekwisha kuharibika na tarakilishi ikapendekeza flashi iumbizwe upya, pendekezo hilo likataliwe, na flashi isiandikwe kitu kingine chochote. Mara nyingi maandishi yenyewe huwa bado yamo, na programu za kuokoa faili zinaweza kuyasoma maadamu hayajaandikiwa juu.