Utata wa Neno "Upele" na Tiba ya Mja Mzito: Mfano wa Kulesa, Tana Delta

Neno "upele" limebeba maana mbili katika Kiswahili. Kwanza, ni jina la ugonjwa mahsusi uletwao na utitiri, mdudu mdogo mno ambaye jike lake huchimba tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Pili, hutumiwa kwa kipele chochote kitokezacho mwilini. Katika mazungumzo ya kawaida utata huu hauna madhara. Madhara huanza pale msemaji anapokuwa mja mzito na msikilizaji anapokuwa mwuza dawa.

Kulesa ni kijiji cha Wapokomo kandokando ya mto Tana, katika eneo la Garsen. Mto huo ulifurika mwishoni mwa mwaka 2023 na tena mwaka 2024, na jamaa nyingi za Delta zikalazimika kuhama. Utitiri huenea kwa ngozi kugusana kwa muda, hivyo watu wanapolala wakibanana ndipo unapostawi. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017.

Mwasho wa upele huzidi usiku, na vipele hukaa hasa baina ya vidole, vifundoni mwa mikono, kiunoni na chini ya matiti. Lakini mja mzito awashwaye viganja na nyayo bila kipele chochote, hasa miezi ya mwisho, huenda ana hitilafu ya ini inayoweza kumdhuru mtoto tumboni. Huyo hahitaji mafuta ya kupaka. Anahitaji kupimwa damu hospitalini. Akisema tu "nina upele", tofauti hii hupotea.

Kauli "dawa ya upele" nayo ina utata. Krimu ya permethrini ya asilimia 5 hukubalika kwa wajawazito, kwa kuwa ngozi hufyonza kiasi kidogo sana. Mafuta ya salfa pia hutumika, ijapokuwa harufu yake haivumiliki kwa wengi. Kwa upande mwingine, vidonge vya ivamektini havipendekezwi wakati wa ujauzito kwa sababu ushahidi wa usalama wake hautoshi. Hata katika utafiti wa malaria uliofanyika Kwale, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, wajawazito hawakupewa. Lindeni huepukwa kwa kuwa hudhuru mishipa ya fahamu. Kisha, katika eneo la wafugaji, ipo dawa ya kupe ya kuogeshea mifugo. Hiyo nayo huua wadudu, na jina "dawa" inalo, lakini haifai kabisa kupakwa mwilini mwa binadamu.

Kwa hiyo mhudumu hana budi kuuliza kuhusu mimba kabla ya kutoa kidonge. Swali "Una mimba?" mbele ya foleni ya watu hujibiwa "La", hasa miezi ya mwanzo ambapo mwanamke hajamwambia hata mama yake. "Mama, mwezi huu umeziona siku zako?" likiulizwa faraghani, lina adabu na hupata jibu. Huu ni uwanja ambao wanaisimujamii wetu wameupuuza, wakati tasfida imefundishwa darasani miaka mingi.

Maelekezo nayo yahitaji lugha bayana. "Paka mwili mzima" haitoshi. Permethrini hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, chini ya kucha, kitovuni na kinenani, ikaachwa saa 8 hadi 14, kisha hurudiwa baada ya wiki moja. Anayenawa mikono hupaka tena mikononi. Mwenye tumbo kubwa hafikii mgongo wala miguu yake; amhitaji mumewe au dada yake. Na wote wa nyumba hiyo hutibiwa siku moja, hata wasiowashwa, kwani dalili za mara ya kwanza huchukua wiki 4 hadi 6 kujitokeza. Nguo na matandiko hufuliwa kwa maji moto na kuanikwa juani, au hufungwa mfukoni siku kadhaa, maana utitiri haudumu nje ya mwili.

Lipo pia neno "kupona". Mwasho huweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya utitiri kufa. Mama asiyeelezwa hivyo huona dawa imeshindwa, akajipaka tena na tena, au akatafuta kali zaidi.