Baba, Wanawe na Ndege wa Asali

Bila shaka umewahi kuonja asali. Pengine baba yako au babu yako huitoa katika mizinga aliyoitundika mitini. Pengine mama yako huinunua sokoni, ikiwa ndani ya chupa. Lakini je, umewahi kujiuliza jinsi mtu anavyoweza kuwapata nyuki wa porini, waliojificha ndani ya tundu la mti mrefu, katika msitu ambao miti yake yote inafanana machoni pa mgeni?

Katika somo hili tutajifunza habari za ndege mdogo anayewaonyesha watu mahali nyuki walipo. Ndege huyo anaitwa mlembe. Watu wengi humwita ndege wa asali, ingawa, kama utakavyoona, asali si kitu anachokitafuta hasa.

Tuchukue mfano wa baba mmoja wa Tunduru, katika Mkoa wa Ruvuma, mwenye wana wawili. Mkubwa yuko darasa la saba. Mdogo yuko darasa la tano kama wewe. Mwezi wa Juni shule zinapofungwa, mvua zimekwisha na majani marefu yameanza kukauka. Huo ndio mwanzo wa kiangazi. Baba huyo huwaamsha wanawe alfajiri, naye huchukua shoka, kamba, kibiriti, ndoo yenye kifuniko na kibuyu cha maji. Kisha wote watatu hushika njia ya kuelekea msituni. Hawaendi katika msitu wa hifadhi, kwa sababu huko haingii mtu bila ruhusa. Wala watoto hawaruhusiwi kutangulia mbele ya baba yao, kwa kuwa nchi ile ina tembo na simba.

Msitu wa Tunduru ni msitu wa miombo. Humo mna miti ya myombo, mininga na miti mingine mingi ambayo maua yake huwapa nyuki chakula. Miti mizee huwa na matundu, na nyuki hupenda kukaa ndani yake. Lakini tundu lenyewe laweza kuwa dogo kuliko kiganja chako, nalo laweza kuwa juu sana. Mtu akitembea peke yake, aweza kupita chini ya mti huo mara kumi asijue.

Walipokwisha kuingia msituni, baba alisimama, akajaza kifua pumzi, akatoa sauti kwa nguvu: "Brrrrr… hm!" Sehemu ya kwanza alitetemesha ulimi, na sehemu ya pili aliguna. Alitembea hatua chache, akaitoa tena. Mwana mkubwa naye akaitoa. Mdogo alijaribu, lakini ulimi wake haukutetemeka, mate tu yakamruka. Kaka yake akacheka.

"Usimcheke," baba akasema. "Wewe nawe ulirusha mate kiangazi kizima."

Baada ya muda walisikia sauti ikitoka katika mti ulio karibu. Ilikuwa kama sauti ya kibiriti chenye njiti chache kinachotikiswa haraka. "Huyo amekuja," baba akasema. "Mtazameni mkia wake anaporuka."

Sasa tumtazame ndege huyu vizuri. Mlembe ana urefu wa kama sentimita 20, kutoka mdomo hadi mkia, na uzito wake ni kama gramu 50 tu. Rangi yake ni ya udongo na kijivu, kwa hiyo akitulia mtini si rahisi kumwona. Dume ana koo jeusi na mdomo wenye rangi ya waridi. Anaporuka, manyoya meupe ya pembeni mwa mkia wake huonekana wazi, na hayo ndiyo huwasaidia watu kumfuata kwa macho. Huruka kidogo, hutua, hupiga kelele na kungoja. Watu wakikaribia, huruka tena. Akifika kwenye mti wenye nyuki, hubadili mlio, kisha hunyamaza.

Hafugwi, wala hakufundishwa na mtu. Mbwa wa mwindaji amezaliwa nyumbani na kulishwa nyumbani. Mlembe ni ndege wa porini kabisa, anayekuja kwa hiari yake na kuondoka kwa hiari yake. Wanyama wa porini wanaoshirikiana na watu kwa namna hii ni wachache sana duniani.

Kwa nini anafanya hivyo? Ni kwa sababu anakula nta. Anakula pia majana, yaani watoto wa nyuki wasiokomaa, na wadudu wengine. Nta ina nguvu nyingi ndani yake, lakini wanyama walio wengi hawawezi kuisaga tumboni. Mlembe anaweza. Mwaka 1588, mmisionari Mreno aliyeitwa João dos Santos, aliyekaa Sofala katika nchi ambayo leo ni Msumbiji, aliona ndege wadogo wakiingia kanisani na kudonoa mishumaa ya nta. Aliandika pia kwamba ndege hao huwaongoza watu hadi kwa nyuki. Hivyo habari hii imo vitabuni kwa zaidi ya miaka 400.

Tatizo la mlembe ni kwamba anajua nyuki walipo, lakini hana nguvu za kupanua tundu la mti, na nyuki wengi waweza kumwua. Mtu ana shoka na moto, lakini hajui nyuki walipo. Kila mmoja anacho kitu anachokikosa mwenzake.

Baba alikusanya majani makavu, akayafunga pamoja na majani mabichi, akawasha kienge. Kienge hicho hakikuwaka kwa miali. Kilitoa moshi mwingi. Alikifunga kwenye kamba, akapanda mti taratibu, akapuliza moshi tunduni. Angeweza kuukata mti mzima uanguke, na wapo watu wafanyao hivyo. Lakini mti uliokatwa hauwi tena nyumba ya nyuki, wala hautoi maua mwaka unaofuata.

Moshi unafanya kazi gani? Nyuki anapohisi hatari hutoa harufu ya kuwaita wenzake waje kuuma. Harufu hiyo inafanana kidogo na ya ndizi mbivu. Moshi huificha harufu hiyo, hivyo wito hauwafikii wenzake. Tena, nyuki wanapohisi moshi hunywa asali na kujaza matumbo, kama watu wanaofunga mizigo kabla ya kuhama. Nyuki aliyeshiba si mwepesi wa kuuma.

Hata hivyo nyuki mmoja alimwuma mwana mdogo shingoni. Alipiga kelele, akataka kukimbia. Kaka yake alimshika mkono, akamvuta mbali na mti polepole, kisha akaukwangua mwiba kwa ukucha. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mwiba wa nyuki mfanyakazi una vijino vinavyonasa katika ngozi. Nyuki anaporuka, mwiba hubaki pamoja na kifuko cha sumu, na kifuko hicho huendelea kusukuma sumu ndani ya mwili. Kadiri unavyouondoa mapema, ndivyo sumu inavyokuwa kidogo. Nyuki mwenyewe hufa. Watu wengi huvimba kidogo tu na kupona. Lakini mtu akivimba uso, akishindwa kupumua vizuri au akizimia, apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja dawa za nyumbani.

Baba aliteremka na ndoo yenye masega. Kwanza alikizima kienge kwa maji yote ya kibuyu, akakifukia kwa udongo, akakikanyaga. Mwana mdogo, ambaye shingo ilikuwa ikimwuma na kiu ilikuwa imemshika, alinung'unika kwamba maji ya kunywa yamekwisha. Baba hakumjibu mpaka alipokwisha kukipapasa kile kienge kwa mkono na kuhakikisha kwamba ni baridi. "Kiu utaikuta kisimani," akasema. "Msitu ukiungua, mwakani tutamwita ndege gani?" Katika kiangazi, cheche moja yaweza kuteketeza majani makavu, miche michanga na mizinga ya watu.

Kisha alikata majani mabichi, akayatandika chini, akaweka juu yake masega yaliyokuwa na nta na majana.

"Baba, hayo ni mengi mno," mwana mkubwa akasema.

"Ndiyo ujira wake," baba akajibu.

Walipokwenda umbali wa hatua 30 hivi na kugeuka, walimwona mlembe ameshuka na kuanza kudonoa. Labda umesikia wazee wakisema kwamba mtu akimnyima ndege huyu ujira wake, safari nyingine atampeleka kwa nyoka au simba. Haijathibitishwa kwamba mlembe hulipiza kisasi. Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, mara nyingi huificha nta au kuichoma ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza, naye huendelea kuwaongoza. Wayao wao humwekea nta juu ya majani mabichi. Kila watu wana desturi yao.

Njiani kurudi nyumbani mwana mdogo aliuliza swali zuri: "Baba, nani aliyemfundisha ndege huyu? Baba yake?"

Jibu lake ni la ajabu. Mlembe hamjui baba yake wala mama yake. Jike hutaga yai katika kiota cha ndege wa aina nyingine wanaozaa ndani ya matundu, kama vile keremkerem, kisha huenda zake. Kinda la mlembe huanguliwa likiwa kipofu, halina manyoya, lakini ncha za mdomo wake zina kulabu kali. Kwa kulabu hizo huwaua makinda wa mwenye kiota. Hulishwa na ndege walioachwa bila watoto wao, ambao hawali nta wala hawajui kuongoza watu. Kwa hiyo wanasayansi wanafikiri kwamba tabia ya kuongoza watu imo ndani ya mlembe tangu kuzaliwa.

Kwa upande wa watu, mambo ni kinyume. Hakuna mtoto aliyezaliwa akijua kusema "brrrrr… hm". Watafiti wakiongozwa na Claire Spottiswoode walifanya kazi pamoja na Wayao wa Niassa, ng'ambo ya Mto Ruvuma, huko Msumbiji. Waliwauliza wale wanaume mlio huo waliupata wapi. Walijibu kwamba walifundishwa na baba zao.

Watafiti hao walitaka kujua kama mlio huo una maana yoyote kwa ndege, au kama kelele yoyote ingetosha. Walipita msituni mara nyingi wakitoa sauti za namna tatu: mlio wa Wayao, maneno ya kawaida ya binadamu na mlio wa ndege mwingine. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Walipotumia sauti nyingine, waliongozwa na mlembe kama mara 1 katika kila safari 3. Walipotumia mlio wa Wayao, waliongozwa mara 2 katika kila safari 3. Nafasi ya kuonyeshwa nyuki iliongezeka zaidi ya mara tatu.

Wahadza hawatoi mlio huo. Wao hupiga mbinja. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood walitangaza jaribio jingine. Katika nchi ya Wahadza, mlembe alishirikiana zaidi na watu waliopiga mbinja kuliko waliotoa mlio wa Wayao. Katika nchi ya Wayao wa Niassa ikawa kinyume chake. Maana yake ni kwamba, ingawa mlembe huzaliwa na tabia ya kuongoza, inaelekea hujifunza sauti ya watu wa mahali anapoishi. Kama mbinja ya Wahadza ingepigwa Tunduru, unadhani nini kingetokea? Na kama akina baba wakiacha kuwafundisha watoto wao mlio huo, ndege atamwitikia nani?

Jioni ile mama aliisikia "brrrrr" ikitoka nyuma ya nyumba. Mwana mdogo alikuwa ameketi juu ya kinu, shingo imevimba, akijaribu tena na tena. Kuku walikimbia. Ilipofika saa mbili usiku ulimi ulitetemeka mara moja, kisha ukakataa.

JARIBIO

Fanya jaribio hili pamoja na mwalimu wako. Tafuta kipande kidogo cha nta safi na matone machache ya asali. Ioshe nta kwa maji baridi ili isibaki na utamu. Weka nta juu ya jani moja na asali juu ya jani jingine, karibu na njia ya sisimizi. Angalia baada ya dakika 10, kisha baada ya saa 1. Sisimizi wamekwenda kwenye jani lipi? Andika ulichokiona, hata kama si ulichokitarajia.

MASWALI

1. Mlembe anapata nini kwa mtu, na mtu anapata nini kwa mlembe?

2. Kwa nini watafiti wa Niassa walijaribu sauti tatu badala ya mlio wa Wayao peke yake?

3. Eleza mambo mawili yanayofanywa na moshi kwa nyuki.

4. Mwenzako ameumwa na nyuki. Utafanya nini kwanza, na ni dalili zipi zitakazokufanya umpeleke hospitali?

5. Muulize mzee mmoja wa kijijini kwenu jinsi alivyokuwa akiita ndege wa asali, na ni nani aliyemfundisha. Je, mlio wake unafanana na ule ulioelezwa katika somo hili?