Somo kwa Vijana: Kujipatia Riziki kwa Kuandika Makala ya Safari

Magofu ya Gede yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Wageni wengi huyaandikia baada ya kuyatembelea kwa saa chache tu. Wewe mkazi wa Kilifi unaweza kuyaandika vyema zaidi, na ukalipwa. Malipo si makubwa, lakini yanaweza kukusaidia ukizingatia mambo manne.

1. Chagua jambo moja. "Gede inapendeza" haimfunzi msomaji kitu. Andika, kwa mfano, kuhusu Mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993: wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hulisha viwavi hadi wajifunge katika vifuko, kisha huviuza vifuko hivyo. Muulize mkulima viwavi hula majani gani, na msitu ukikatwa atapoteza nini.

2. Piga hesabu. Tuseme safari imekugharimu shilingi 1,500 na gazeti limekulipa 4,000. Umebaki na 2,500 kwa kazi ya siku mbili au tatu. Ukitumia safari hiyo hiyo kuandika makala nyingine mbili, moja kuhusu visima vya Gede na nyingine kuhusu vyakula vya hapo, kila moja ikalipwa 4,000, unabaki na 10,500.

3. Soma masharti. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi uliyoagizwa huhesabiwa kuwa mali ya aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hivyo, kabla ya kuanza, mwombe mhariri aandike, hata kwa barua pepe, kiasi cha malipo, tarehe ya kulipa, na kama unaruhusiwa kuitumia makala hiyo tena kwingine. Ukishaikabidhi, tuma ankara siku hiyo hiyo.

4. Usiuze sifa. Hoteli ikikulaza bure, mjulishe mhariri na msomaji. Msomaji akifika na kukuta mambo tofauti na ulivyoandika, hatakuamini tena.

Usiache shamba, duka au kazi uliyo nayo. Tenga siku mbili kwa wiki. Wiki hii anza na aya moja kwa mhariri mmoja: utaandika kuhusu nini, kwa nini wasomaji wake watapenda kulijua jambo hilo, maneno mangapi, na kama una picha ulizopiga mwenyewe.